Raundi Ambazo Hatukupigana

Nilikuwa namlisha mama uji redio iliposema kwamba nitalazwa kama yeye.

Mama alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla. Upande wake wa kulia wote ulikufa, mdomo ukavutika, na maneno yaliyomtoka yalikuwa vipande ambavyo mimi peke yangu niliweza kuviunga. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na akili yake ilikuwa nzima kuliko ya wengi waliokuja kumpa pole kisha wakamjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Kwa hiyo alisikia vizuri. Promota wa pambano langu la ngumi alikuwa kwenye kipindi cha michezo cha asubuhi, anachekeana na mtangazaji. Akasema, "Yule binti wa mlimani ameniambia kwa mdomo wake mwenyewe. Kasema yeye atamlaza chali huyu wa Mwembesongo kama mama yake alivyolala chali." Mtangazaji akapiga yowe la furaha. Wakaweka muziki.

Mama akafunga mdomo. Uji ukamchuruzika kidevuni, nikaupangusa kwa ncha ya kanga. Akageuza uso ukutani, na siku ile hakula tena.

Watu wakikutana nami wanataka niwasimulie zile ngumi. Ngumi nitazisimulia. Lakini kwangu pambano lile lilianza pale kitandani kwa mama, na ndiyo maana mpaka leo nikilitaja sauti yangu hupanda, hata kama nilikuwa nimeanza kwa upole.

Niseme kwanza sisi tulikuwa nani. Mimi nilijifunza ngumi Mafiga, kwenye banda lililokuwa nyuma ya gereji, kwa kocha wangu, mzee mmoja fundi viatu ambaye ujanani aliwahi kupigana mpaka nje ya nchi. Nilianza nikiwa msichana peke yangu kati ya wanaume. Wakanicheka, kisha nikawa nawapiga, wakaacha. Nilipopanda ulingoni kwa mashindano sikuwahi kushindwa. Mwenzangu, yule binti wa mlimani, alitoka kwenye kijiji cha misheni huko juu Uluguru, familia ya wakulima wa kabichi na karoti. Tangu akiwa mdogo alibeba mizigo ya mboga kichwani kutoka mashamba ya mteremkoni hadi barabara inapoishia, na mjomba wake aliyerudi kutoka jeshini ndiye aliyemfundisha kukunja ngumi. Naye hakuwahi kushindwa. Uzito wetu mmoja, mkoa wetu mmoja, na mkanda wa taifa wa uzito ule ulikuwa hauna mwenyewe. Ilikuwa lazima tukutane.

Hatukuwa tunajuana. Nilimwona kwenye simu tu, video alizorekodiwa kutoka nyuma ya vichwa vya watu. Alikuwa anaanza taratibu, unaweza kudhani ni mzito. Raundi za mwanzo alikuwa anapokea tu na kusogea. Ikifika ya saba, mpinzani anahema kwa mdomo na yeye bado anapumua kwa pua. Hapo ndipo alipokuwa anaanza kazi. Wote aliowaangusha aliwaangusha mwishoni.

"Huyu ana mapafu ya mlimani," kocha aliniambia. "Ukitaka kumpiga, mpige mapema."

"Nitamuua," nilisema. Ilikuwa jioni ya siku ile ya redio. Nilikuwa napiga pedi alizoshika kocha na nilikuwa sijali napiga wapi.

Akashusha mikono. "Usiseme hivyo humu ndani."

"Kocha, hukusikia alichosema kuhusu mama?"

"Nilisikia alichosema promota," akajibu, akainua pedi tena.

Sikumwelewa, au sikutaka. Nilifanya mazoezi wiki zile na hasira kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nilikimbia asubuhi hadi njia za juu ya Kilakala, nikitazama milima na kuichukia kwa sababu yeye alikuwa huko. Mtaani watu walinipa moyo kwa namna iliyonichefua. Wauza mitumba wa Mwembesongo wakiniona napita wanapaza sauti, "Mlipizie mama, dada! Mlaze yeye!" Vijana wasiowahi hata kufika nyumbani kumjulia hali mama yangu walikuwa wanamtaja kama wimbo wa mpira. Mama alikuwa amegeuzwa kuwa tangazo.

Upimaji wa uzito ulifanyika siku moja kabla ya pambano, kwenye ukumbi wa hoteli. Tukapima, wote tukawa sawa, kisha wapiga picha wakatutaka tusimame uso kwa uso. Nilijiandaa kumtemea mate. Nasema kweli, mate yalikuwa tayari. Akasogea mpaka pua zetu zikakaribiana, macho mekundu, akaninong'oneza kwa lafudhi yake ya Kiluguru.

"Kwa hiyo mimi nanuka moshi wa kuni?"

"Nini?"

"Umesema redioni. Nirudi kwetu nikachunge nguruwe, mkanda hauvaliwi na watu wanaonuka moshi. Bibi yangu amesikia. Tangu siku hiyo hasemi na mimi, anasema nimewapeleka watu wake kutukanwa mjini."

"Mimi sijasema neno lolote redioni. Wewe ndiye uliyesema utanilaza kama mama yangu."

Akarudi nyuma. Wapiga picha wakalalamika, "Sogea, dada, usituharibie!" Hakuwasikiliza.

"Mama yako ana nini?" akauliza.

"Amepooza."

Akajishika mdomo. "Mimi hata sijui kama una mama," akasema. "Nitamsemaje mtu nisiyejua kama yupo?"

Nilimtazama usoni kutafuta uongo. Haukuwepo. Kilichokuwepo kilikuwa kilekile nilichokuwa nacho mimi, na sote wawili, bila kuambizana, tukageuka kumtafuta promota ukumbini.

Alikuwa mezani pembeni anakula kuku, leso ya karatasi imechomekwa kwenye kola. Tulipomfikia alitabasamu kama mtu anayewaona watoto wake.

"Dada zangu! Picha zimetoka?"

"Nani amesema maneno yale?" nikamuuliza.

"Maneno gani?"

"Ya mama yangu. Na ya nguruwe."

Akafuta vidole kimoja kimoja. "Ah, yale. Yale ni kunogesha tu. Mnadhani watu wanakuja uwanjani kutazama ngumi? Wanakuja kutazama chuki. Leo mji mzima unawazungumzia. Mnapaswa kunishukuru."

"Umemtaja mama yangu mgonjwa."

"Sikumtaja jina."

Mwenzangu akainama, akaweka viganja vyote viwili mezani. "Kesho," akasema, "kabla hatujapigana, utashika maiki uwaambie watu kwamba uliyatunga wewe."

"Sawa, sawa, nitasema," promota akajibu, akarudi kwenye kuku wake. Alijibu kwa wepesi uleule anaotumia mtu kumwondoa ombaomba.

Ulingo ulijengwa katikati ya uwanja wa mpira, na vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa madarasa ya shule ya msingi iliyopakana nao. Mimi nilipewa darasa moja, yeye la pili yake, ukuta mmoja kati yetu. Tulipofika mchana ndipo tulipoona mabango vizuri. Mabango yalikuwa na nyuso mbili kubwa, za wachekeshaji wawili wa mitandaoni ambao promota aliwaingiza wapigane kwa mzaha, na pambano lao ndilo litakalorushwa na televisheni. Sisi tuliokuwa tunagombea ubingwa wa nchi tulikuwa chini kabisa, picha ndogo karibu na chupa ya soda.

Alasiri mshereheshaji akaanza kuniita. Sikusikia kukanushwa kwa lolote. Nilisikia hivi: "Anakuja binti mwenye uchungu! Anakuja kulipiza kitanda cha mama yake!" Watu wakalipuka.

Nikakaa kwenye kizingiti cha darasa. Kocha alikuwa ameshanifunga glovu. Akanitazama, akakaa karibu yangu. Nikachungulia upande wa pili, nikaona mwenzangu naye amekaa kwenye kizingiti chake, mjomba wake amesimama juu yake amefumbata mikono kifuani. Hatukupanga. Wimbo wangu ukaisha, wakaurudia. Ukaisha tena. Wakaita jina lake, wakapiga wimbo wake, naye hakuinuka. Miluzi ikaanza, kisha matusi, kisha chupa za maji.

Promota akaja mbio, shati limemganda mgongoni. "Mnataka kuniua? Pandeni!"

"Sema kwanza," nikasema.

"Nitasema baadaye."

"Basi tutapigana baadaye," akasema mwenzangu kutoka kizingitini kwake.

Promota alirudi ulingoni, akamnyang'anya mshereheshaji maiki. Akasema jamani, yale maneno ya redioni ulikuwa utani wa kibiashara, wadada hawa wanaheshimiana, tuwapigie makofi. Watu wakapiga makofi. Sisi hatukuinuka. Nilimwona mwenzangu anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Promota akatuangalia, akauma meno, akasema, "Haya. Hawakusema wao. Niliyatunga mimi."

Watu wakacheka. Walicheka! Nilikuwa nimetegemea wazomee. Lakini tulikuwa tumepata tulichodai, tukainuka. Nilipokuwa napanda ngazi za ulingo, promota alikuwa anashuka. Akanisogelea sikioni. "Mmenichelewesha," akasema. "Mtaona."

Sasa ngumi.

Sikuwa na kinyongo naye tena, na niliogopa kwamba bila kinyongo sitaweza kupiga. Haikuwa hivyo. Kengele ilipolia nilijikuta mwepesi kuliko nilivyokuwa mwezi mzima. Nilimpiga kwa mkono wa kushoto akiingia, nikazunguka, nikampiga akigeuka. Kocha alikuwa amesema mapema, na mimi nilifanya mapema. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu zilikuwa zangu, hakuna ubishi, hata yeye hajawahi kubisha. Katika ya tatu nilimpata kwa ngumi ya kulia juu ya jicho na magoti yake yakalegea, nikaona mjomba wake anashika kamba. Hakuanguka. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hoja nzuri.

Ya nne nilishinda kwa shida. Alikuwa ameanza kunipiga mbavuni, ngumi fupi nzito, kila nilipomkaribia. Ngumi za mbavuni watu wa nje hawazioni, hawazishangilii, lakini zinakula pumzi yako kidogokidogo. Ya tano ilikuwa yake. Nilirudi konani miguu ikiwa kama imefungwa mifuko ya mchanga.

"Utulie," kocha akasema, akinimwagia maji kisogoni. "Bado nusu nzima, raundi tano. Mwache aje, pumzika naye kwenye kamba, urudi ya nane."

Nilikuwa nayo hesabu hiyo kichwani. Sita na saba nijifiche, nane nirudi. Niliwahi kufanya hivyo mara nyingi mazoezini. Sijui kama ningeweza kwake. Ndiyo maana nasimulia.

Mwamuzi akaja konani kwetu, akainama. "Ya mwisho hii."

Kocha hakuelewa. "Ya mwisho nini?"

"Hii ya sita. Wamefupisha. Televisheni inaingia hewani."

"Huu ni ubingwa!" kocha akafoka. "Ni raundi kumi, imeandikwa! Unawezaje kufupisha pambano watu wakiwa ndani yake?"

"Mimi nimeagizwa, mzee. Mmechelewa kuanza." Hakuwa anatuangalia. Alikuwa anaangalia chini kwenye meza ya majaji, na pale nyuma ya majaji promota alikuwa amesimama, anajipepea kwa karatasi.

Kona ya pili nao walikuwa wanaambiwa. Nilimwona mwenzangu anasimama kabla ya kengele, anamsikiliza mjomba wake, kisha ananitazama mimi. Ule uso sijausahau. Mtu mwenye mazoea ya kupika chakula chake kwa moto mdogo ameambiwa sufuria inaepuliwa sasa hivi.

Akaja mbio. Zile raundi zote alizokuwa ameziweka akiba alijaribu kuzimwaga ndani ya moja. Alinisukuma kwenye kona na sikutoka tena. Alinipiga tumboni, mbavuni, akanipandishia ngumi kidevuni, nikamkumbatia, akajichomoa, akapiga tena. Nilikuwa nasikia miguno yake na kelele za watu, na nilikuwa nawaza jambo moja tu, kengele, kengele, kengele. Ilipolia mwili wangu ulifurahi. Mimi sikufurahi.

Majaji wawili wakanipa mimi, mmoja akampa yeye. Kwa raundi sita ilikuwa haki: nilikuwa mbele. Lakini mwamuzi aliponiinua mkono nilitamani kumpiga nao. Wakanifunga mkanda, mkubwa, wa kiuno cha mwanaume, ukateremka hadi nyongani nikaushika kwa glovu. Nikasema, "Pambano halijaisha." Nilisema kwa nguvu. Mshereheshaji akaondoa maiki karibu yangu. Na kabla sijashuka, wale wachekeshaji walikuwa tayari wanapanda na muziki wao, mmoja amevaa glovu miguuni, watu wamekufa kwa kicheko.

Kocha aliponivua glovu na kunitupia kanga mabegani, sikwenda darasani kwangu. Nilikwenda kwake. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, bado ana bandeji mikononi, mjomba wake anakusanya taulo.

"Nilikuwa nimechoka," nikamwambia. Niliona anastahili kulisikia kutoka kwangu.

"Nimeona."

"Ningepumzika. Ningerudi ya nane."

"Labda. Mimi nilikuwa ndiyo naanza. Nimepanda milima ile mwaka mzima kwa ajili ya raundi ya saba. Mwaka mzima! Na mtu anachukua karatasi anajipepea nayo, anasema basi." Nje uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, nadhani mchekeshaji mmoja alikuwa ameanguka makusudi. Akageuza uso kuelekea kile kicheko, kisha akaupiga ukuta kwa mkono wake wa kulia, kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo.

Nilisikia mfupa. Nimesikia ngumi nyingi maishani na sijawahi kusikia sauti kama ile.

Hakulia. Alikaa kwenye dawati akauangalia mkono kama kitu cha mtu mwingine. Nilivua ule mkanda, nikautupa miguuni kwa kocha, nikalowesha kanga yangu kwenye ndoo na kuuzungushia mkono wake. Mjomba akatoka kutafuta daktari wa pambano. Daktari alikuwa ulingoni anapiga picha na wachekeshaji. Kocha akaita bajaji, tukaingia, tukaondoka na vile vicheko nyuma yetu. Kama kuna sauti ninayoichukia duniani, ni ile.

Hospitali walimfunga hogo la plasta mkononi. Yeye na mjomba wake hawakuwa na mahali pa kulala mjini, nikawachukua nyumbani.

Asubuhi yake alisema anataka kumwona mama. Nilisita, kwa sababu mama alikuwa hajakubali mgeni tangu siku ya redio. Lakini alikuwa ameshasimama mlangoni, jicho limevimba, mkono kifuani.

"Shikamoo mama," akasema. Akapiga goti karibu na kitanda ili mama amwone vizuri. "Mimi ndiye yule wa mlimani. Yale maneno ya redioni siyo yangu. Sikuyasema, mama. Alitunga promota."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, nikamwambia ni kweli, amekiri mwenyewe mbele ya watu. Mdomo wa mama ukaanza kuhangaika. Tukasubiri, mimi nikijiandaa kuunga vipande. Havikuwa vipande.

"Mshenzi," mama akasema.

Lilitoka zima, safi, kama alivyokuwa akisema zamani akiwakemea walevi wa mtaani. Sote wawili tukashtuka, kisha tukaanza kucheka huku tukilia, na mama akalisema tena, na tena, akipigapiga godoro kwa mkono wake mzima. Asubuhi ile alikula uji wote, akalishwa na mtu mwenye mkono mmoja.

Kile kituo cha redio hakikurudia kamwe yale aliyokiri promota uwanjani. Nilikwenda pale mapokezi mara kadhaa. Niliambiwa nimsubiri mhariri, na mhariri hakuwahi kutoka.

Miezi ilipopita promota akanipigia simu, sauti tamu, anataka nitetee mkanda dhidi ya mtu kutoka mkoa mwingine. Nikamwambia nitapigana na yuleyule, raundi kumi, la sivyo sipigani. Akacheka. "Yule? Yule mkono wake umekwisha, hujui?"

Sikujua. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu na hakuwa ameniambia. Nikapanda mlimani kesho yake.

Nilimkuta bibi yake kwanza, barazani, anachambua maharage. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akayainua.

"Wewe ndiye wa nguruwe?"

"Bibi, nilishakuambia hakusema yeye!" mwenzangu akapiga kelele kutoka shambani.

"Nimekusikia wewe. Nataka kumsikia yeye."

"Sikusema, bibi," nikamwambia. "Na aliyesema ni mshenzi."

Bibi akanitazama nguo, viatu vyangu vya mjini vilivyojaa udongo, uso wangu. "Basi utakula," akasema, akarudi kwenye maharage.

Nilimkuta mwenzangu kwenye matuta ya kabichi, analima kwa jembe, mkono wa kulia umeshika mpini kwa ajabu, kidole kidogo na cha pembeni yake vimesimama vyenyewe. Alinionyesha kabla sijauliza. Alijaribu kukunja ngumi, ikafika nusu ikakwama.

"Mfupa uliunga vibaya," akasema. "Daktari alisema turudi wakaangalie, ilikuwa msimu wa kupanda, sikurudi. Usinitazame hivyo. Sitaki huruma yako."

"Sijakuonea huruma. Nina hasira."

"Basi ziwe zako. Mimi ninazo zangu."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Halafu nikamuuliza swali nililopanda nalo mlima wote.

"Ungenipiga?"

"Ningekuangusha," akasema. "Raundi ya saba, au ya nane mwanzoni."

"Usingeniangusha."

"Ulikuwa huna miguu!"

"Ya nane ningekuwa nayo. Na ulikuwa unashusha kushoto kila ukipiga mbavu, ulidhani sijaona? Nilikuwa nakungoja."

"Ungeningoja umelala!"

Akatupa jembe. Nikavua viatu. Tukasimama kati ya makabichi tukaonyeshana: mimi ningeingia hivi, yeye angetoka vile, hapana, hapo ningekuwa nimeshakupata, umenipata na nini, mkono wako ulikuwa huku. Sauti zetu zikapanda. Tulikuwa tumegombanishwa mwezi mzima kwa maneno ya mtu mwingine, na ule ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza wa kweli. Alinisukuma bega, nikamsukuma, akakanyaga kabichi. Bibi akapaza sauti kutoka barazani kwamba anayetaka kupigana aende kupigania kwenye shamba la jirani.

Hatukufika mwisho wa ubishi. Hauna mwisho. Ndicho tulichoibiwa, na hakuna anayeweza kuturudishia, kwa sababu mkono ule hautakunjika tena.

Nilikataa pambano la promota, na lililofuata, na la baada ya hilo. Mwishowe nikavuliwa ubingwa kwa barua ya chama cha ngumi, mistari michache, kwamba nimeshindwa kuutetea. Sijawahi kushindwa ulingoni. Nilikwenda mwenyewe kuurudisha mkanda, nikauweka kwenye kaunta, yule dada wa ofisi akanitaka nisaini, nikasaini. Kocha alikasirika na mimi. Alisema nimeutupa ujana wangu kwa sababu ya kiburi. Tulikosana, tukapatana, lakini bado anasema hivyo, na mimi bado sikubali.

Juzi nilimkuta promota kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa natoka kumnunulia mama dawa. Yeye alikuwa ndani ya gari jipya na marafiki zake wawili, kioo kimeshushwa.

"Bingwa wangu!" akaita. Akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu? Alikuwa moto huyu. Mimi ndiye niliyemtengeneza."

Akatoa mkono dirishani nimpe wangu. Sikumpa. Nikasimama palepale nikaanza kuwaeleza wale wenzake, kwa sauti, alichosema kuhusu mama yangu, alichosema kuhusu watu wa mlimani, na jinsi alivyosimama nyuma ya majaji akijipepea. Waliokuwa wanajaza mafuta wakageuka. Bodaboda wakasogea. Nikawaeleza kuhusu mkono.

"Dada," akasema, anatabasamu kwa watu, "mambo ya miaka ile? Bado una hasira tu?"

"Ninazo," nikasema.

Akapandisha kioo. Nikaendelea kuongea na kioo mpaka gari likaondoka.